Kamera ya kiwandani: jicho ni lao, kumbukumbu iwe yangu

Kila asubuhi nikiwasha gari, kuna mwanamke ananisemesha Kijapani. Waliowahi kununua gari la mtumba kutoka Japani wanamfahamu. Ni sauti ya kile kifaa cha kulipia barabara za kulipia za kwao, inakumbusha kwamba kadi ya malipo haijachomekwa. Haitachomekwa kamwe, maana barabara zile ziko mbali, na gari lenyewe siku hizi linashinda kwenye foleni ya Tazara. Redio nayo ilikuja ikiwa haishiki stesheni nyingi za Dar es Salaam, kwa kuwa masafa ya FM ya Japani yanaanzia 76 na kukoma kabla ya ya kwetu. Ramani ya kwenye skrini haiijui Afrika. Na nyuma ya kioo cha kati kilikuwa kimebandikwa kidude cheusi, ukubwa wa kiberiti: kamera ya dashibodi, ile inayorekodi barabara mbele ya gari. Tundu lake la memori kadi lilikuwa tupu.

Kidude hicho ndicho kilichonifanya nianze kufuatilia swali ambalo wenye magari duniani wanaulizana kwa miaka kadhaa sasa: kwa nini kamera hii isitoke kiwandani ikiwa ndani ya gari, kama inavyotoka honi? Jibu langu ni kwamba itoke. Lakini nina sharti moja, na sharti hilo linahusu kumbukumbu, yaani video zinahifadhiwa wapi na nani ana ufunguo wake. Jicho lenyewe halinipi shida.

Nianze na sababu ya kuitaka. Mwaka mmoja kabla sijanunua gari hili, nilikuwa kwenye kilima Kimara, foleni imesimama. Gari la mbele yangu likarudi nyuma. Halikurudi kwa kasi, lilirudi kama mtu aliyesinzia, likaja mpaka likabonyeza boneti yangu na kuvunja grili. Dereva akashuka akiwa na neno moja: nimemgonga. Watu wakajaa. Aliyeona vizuri alikuwa kijana wa bodaboda, naye abiria wake alikuwa na haraka, akaondoka. Foleni ikapiga honi, tukasogeza magari pembeni, na kwa kusogeza tu ushahidi wote ukaisha. Trafiki alipofika alikuta magari mawili pembeni mwa barabara na watu wawili wanaobishana, na kila dereva anajua kwamba katika mgongano wa namna hiyo dereva wa nyuma ndiye anayeanza kwa kushukiwa. Nilikuwa na bima ndogo, ile inayomlipa mwingine na si wewe. Grili na boneti nikalipa mwenyewe.

Sekunde nane za video zingetosha.

Wajapani walilifikia hilo kwa njia ya machungu zaidi. Juni 2017, kwenye barabara kuu ya Tomei, dereva mmoja mwenye hasira aliifukuza familia iliyokuwa safarini, akaikata mbele mpaka wakasimama katikati ya barabara ya kasi. Lori likaja likawagonga. Mume na mke wakafa, watoto wakabaki. Baada ya tukio hilo watu walikimbilia madukani kununua kamera, na 30 Juni 2020 sheria mpya ya kuwaadhibu madereva wanaotishia wenzao barabarani ikaanza kufanya kazi. Magari ya miaka hiyo ndiyo yanayoshuka sasa bandarini kwetu. Kenya hairuhusu gari lililozidi miaka 8 kuingia, na Tanzania inatoza ushuru wa uchakavu kwa yaliyozeeka, kwa hiyo umri wa magari tunayoletewa unafuata mkumbo huo huo. Hofu ya Tomei inatufikia ikiwa imebandikwa kwenye kioo, bila kadi.

Utendaji wa kamera hizi ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Kamera inarekodi vipande vifupi, cha dakika moja au tatu, kimoja baada ya kingine. Kadi ikijaa, kipande cha zamani kuliko vyote kinafutwa ili kipya kipate nafasi. Kadi ya GB 64, kwa ubora wa kawaida, inabeba takriban saa 9 au 10 za safari, basi. Ndani yake kuna kihisi cha mtikisiko: gari likigonga, au likigongwa, au likiingia kwenye shimo kubwa, kipande kile kinafungiwa kisifutwe. Kasi na mahali ulipo huandikwa pembeni ya picha iwapo kamera ina GPS. Hiyo ndiyo kazi yote. Haihitaji intaneti wala kampuni yoyote nyuma yake.

Sasa, kama kazi yenyewe ni ndogo hivyo, si kila mtu anunue yake na kuifunga? Ndivyo nilivyofikiri, mpaka nilipompelekea fundi umeme wa magari hii yangu ikaguliwe. Alifungua plastiki inayofunika nguzo ya kioo cha mbele, upande wa abiria, akaingiza kidole, akavuta waya mweusi mwembamba.

“Dada, huu waya nani alikupitishia?”

“Ulikuja nao. Sijaugusa.”

Akanionyesha. Ndani ya nguzo ile, chini ya plastiki, ulilala mfuko wa hewa uliokunjwa kama mwavuli, ule unaofumuka kando ya kichwa gari likipinduka au kugongwa ubavuni. Waya wa kamera ulikuwa umepita juu yake, mbele kabisa, umebanwa na kibanio. Mfuko ule hufumuka kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Waya ulioubana unaweza kuuzuia kufunguka sawasawa, au ukarushwa pamoja na kibanio chake kuelekea kwa aliyeketi hapo. Hapo huwa anaketi mwanangu. Fundi aliutoa, akaupitisha nyuma ya mfuko, akauelekeza kwenye boksi la fyuzi. Ilimchukua dakika ishirini. Nikajiuliza ni magari mangapi yanatembea na kamera zilizofungwa kwa mtindo ule wa kwanza, na wenyewe wanaamini wameongeza usalama.

Hiyo kwangu ndiyo hoja nzito kuliko zote ya kuitaka kamera ya kiwandani, na ajabu ni kwamba husikika mara chache. Mtengenezaji anajua mfuko wa hewa uko wapi. Anajua pia waya upi una umeme gari likiwa limezimwa, na anaweza kukata umeme kabla betri haijaisha, jambo linalowashinda wengi wanaotaka kamera ilinde gari likiwa limeegeshwa. Na joto lipo. Gari lililofungwa juani Februari, joto la dashibodi yake huweza kupanda zaidi ya nyuzi 60. Kamera za bei nafuu zina betri ndogo ya lithiamu ambayo kwa joto hilo huvimba mpaka inapasua ganda, na ule mpira wa kunyonya kioo huachia, kamera ikaangukia miguuni kwa dereva akiwa mwendoni. Kifaa cha kiwandani hupimwa kwa joto na baridi kabla hakijaruhusiwa kukaa kwenye gari.

Na wapo walioanza. Citroën waliiweka kwenye C3 ya mwaka 2016: kamera nyuma ya kioo cha kati, upana wa nyuzi 120, kumbukumbu ya GB 16, ikitokea ajali inahifadhi sekunde 30 za kabla na dakika moja ya baada. Tesla waliwasha huduma hiyo Oktoba 2018 kwa programu tu, bila kumgusa mtu gari lake, kwa kuwa kamera zilikuwepo tayari. Mwenye gari alitakiwa kuchomeka flashi yake mwenyewe. BMW wakaja na yao inayotumia kamera za kuegeshea na kuhifadhi sekunde 20 kabla na 20 baada. Hyundai na ndugu yake Kia waliingiza kamera kwenye magari yao ya Korea Kusini, nchi ambako kamera hii huitwa “sanduku jeusi” kama la ndege, na ambako kampuni za bima humpunguzia ada mwenye nayo.

Mfano wa Tesla unafungua jambo ambalo wengi hawalijui. Gari lako huenda tayari lina kamera inayotazama mbele. Subaru walianza kuuza EyeSight yao, mfumo wa kamera wenye macho mawili ya kutazama mbele, Japani mwaka 2008. Toyota walianza kuweka mfumo wao wa Toyota Safety Sense, unaokutahadharisha pia ukitoka kwenye mstari, mwaka 2015, na Corolla Axio ilikuwa miongoni mwa za kwanza. Tazama juu ya kioo cha kati kwa nje: ukiona kidirisha cheusi chenye lenzi, ndiyo hiyo. (Na ndiyo sababu kioo cha mbele cha magari hayo kikipasuka, si kila fundi kioo anaweza kukubadilishia na kukuachia uende: lenzi isipopimwa upya, gari linaiona barabara mahali isipokuwepo.)

Watu wakigundua hilo huuliza kwa haki kabisa: kama jicho liko, kwa nini halirekodi? Kwa sababu liliundwa kumhudumia kompyuta, si binadamu. Kamera hizo hutafuta mistari, maumbo, umbali. Baadhi hazioni rangi zote tunazoziona sisi, kwa kuwa mhandisi alitoa rangi ili apate mwanga zaidi usiku. Picha ikishasomwa hutupwa papo hapo. Kuigeuza iwe ya kurekodi kunahitaji kichakataji kinachobana video na mahali pa kuihifadhi. Si gharama kubwa ukilinganisha na bei ya gari, ila ni gharama, na mtengenezaji akishaiingiza hujiuliza ataipataje tena. Hapo ndipo ada ya kila mwezi inapozaliwa, na hapo ndipo mimi naanza kukaa macho.

Kumbukumbu ni kitu kinachochakaa. Memori kadi ina idadi ya mara inazoweza kuandikwa na kufutwa, na kamera ya gari huandika na kufuta muda wote. Kadi yako ikifa unanunua nyingine Kariakoo, unaendelea. Lakini kumbukumbu ikiwa imechomelewa kwenye ubao wa kompyuta ya gari, ikifa inakufa na vingine. Hili limetokea. Februari 2021 Tesla walilazimika kuyaita magari yapatayo 135,000 ya Model S na Model X, kwa sababu chipu ndogo ya GB 8 ndani ya skrini ilikuwa imechoka kwa kuandikwa mfululizo. Skrini ilipozimika, ilizimika na kamera ya nyuma na baadhi ya vidhibiti vya kuondoa ukungu kwenye kioo. Ile haikuwa kumbukumbu ya video za safari, zilikuwa ni kumbukumbu za mfumo tu. Video zingeiua mapema zaidi. Marekani, Ulaya au Japani, gari lenye tatizo hilo huitwa na kutengenezwa bure. Likishavuka bahari na kupata namba ya T, nani atamwita mwenye nalo?

Tunayajua haya kwa uzoefu. Skrini zetu za Kijapani zikitolewa betri hudai namba ya siri ambayo mwenye kuijua yuko Osaka. Kamera ya kiwandani inayotaka akaunti, laini ya simu ya nchi ilikotoka na malipo ya mwezi, itafika hapa kama yule mwanamke wa kadi ya barabara: itazungumza, lakini haitasaidia.

Halafu lipo suala la nani anatazama. Aprili 2023 shirika la habari la Reuters liliandika, likiwanukuu wafanyakazi wa zamani wa Tesla, kwamba kati ya 2019 na 2022 baadhi ya wafanyakazi walikuwa wakirushiana video zilizonaswa na kamera za magari ya wateja, zikiwemo za watu wakiwa kwenye majumba yao. Mwenye gari alinunua ulinzi, akawa amefungua dirisha la nyumba yake kwa watu asiowajua. Mapema mwaka huo huo mamlaka ya faragha ya Uholanzi ilimaliza uchunguzi wake kuhusu hali ya ulinzi ya magari hayo yakiwa yameegeshwa. Ilikuwa inaweza kuweka hadi saa nzima ya picha za kila apitaye. Kampuni ikabadilisha: kamera isijiwashe yenyewe, taa ziwake kumjulisha apitaye, kinachohifadhiwa kisizidi dakika 10. Lakini sehemu iliyonigusa katika uamuzi ule ni kwamba mwenye kuwajibika kisheria kwa picha alikuwa mwenye gari, si aliyelitengeneza. Ukisoma hilo vizuri, sharti langu linajieleza: kama lawama ni yangu, ufunguo nao uwe wangu.

Wajerumani wamelipima jambo hili kwa uangalifu mkubwa. Huko Magdeburg magari mawili yalikuwa yanakata kushoto sambamba, kila moja kwenye njia yake, yakagongana, na kila dereva akasema mwenzake ndiye aliyetoka nje ya mstari. Mmoja alikuwa na kamera. Kesi ikapanda mpaka Mahakama Kuu ya Shirikisho, ambayo 15 Mei 2018 iliamua kwamba kurekodi barabara mfululizo bila sababu kunavunja sheria ya faragha, na hata hivyo video ile inaweza kupokelewa kama ushahidi katika kesi ya madai. Mahakama ikagusia pia kwamba kuna njia ya kati: kamera inayofuta kila baada ya muda mfupi na kuhifadhi tu pale panapotokea kishindo. Yaani sekunde za Citroën na BMW si ubahili, zinafanana na njia hiyo ya kati.

Sauti ni hatari zaidi kuliko picha. Mwaka 2014 General Motors walizindua kwenye Corvette mfumo wa kurekodi gari linapokabidhiwa kwa mhudumu wa kuegesha, picha na sauti. Mara wakawaandikia mawakala wao wawatahadharishe wateja wasiutumie kwanza, kwa kuwa katika majimbo kadhaa ya Marekani kurekodi maongezi ya mtu bila ridhaa yake ni kosa. Kwetu, anayebeba abiria kwa programu za simu afikirie hilo. Barabara ni ya wote, lakini maongezi ya mama aliyeketi nyuma akimpigia daktari wake si ya dereva.

Ulaya, sambamba na hayo yote, imechagua njia nyembamba. Tangu Julai 2022 kwa aina mpya za magari, na Julai 2024 kwa kila gari jipya, lazima liwe na kinasa matukio: kasi, breki, usukani, kwa sekunde 5 kabla ya ajali. Hakuna picha, hakuna sauti, hakuna mahali. Ni kitu kizuri kwa wapelelezi, ila kisingenisaidia Kimara. Hata kama kingenasa, kingesema gari langu lilikuwa limesimama. Kisingesema la mwenzangu ndilo lililorudi. Ninachokipenda zaidi kiko Marekani, ambako sheria ya Desemba 2015 ilitamka bila kuzunguka kwamba data ya kinasa hicho ni mali ya mwenye gari au aliyelikodi kwa muda mrefu. Sentensi ya namna hiyo ndiyo inayopaswa kuandikwa kuhusu video pia, na kuandikwa kabla kamera hazijajaa.

Kwetu misingi ipo, haijajengewa nyumba. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023. Uso wa mpita njia na namba ya gari vinaweza kuwa taarifa binafsi, kwa hiyo kuichukua video ya ajali na kuirusha kwenye makundi ya WhatsApp kabla ya kuipeleka polisi si jambo dogo kama tunavyolichukulia. Mahakamani, Sheria ya Ushahidi ya Kenya, kifungu cha 106B, inataka cheti kinachoeleza kumbukumbu ya kielektroniki ilitokana na kifaa gani na kilikuwa kinafanya kazi sawasawa. Tanzania, kifungu cha 18 cha Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 kinamtaka hakimu aangalie jinsi kumbukumbu ilivyotengenezwa, ilivyotunzwa, na kama haijachezewa. Kamera ya kiwandani iliyofungwa vizuri ingeweza kulibeba hilo lenyewe, kwa kuandika alama ya siri ndani ya kila kipande ili mkono ukiingia uonekane. Ya kubandika kwenye kioo kwa kawaida haina hilo, mara nyingi haina hata saa sahihi.

Mwenye kununua gari jipya lenye kamera ndani, au la mtumba, na aulize: video inakaa kwenye kitu ninachoweza kukitoa kwa mkono? Inafanya kazi bila akaunti na bila intaneti? Naweza kuzima sauti peke yake? Nikiuza gari, naifutaje? Muuzaji akijikanyaga kwenye la kwanza, mengine usijisumbue.

Ya kwangu nimeinunulia kadi. Nilipoiwasha, saa yake ilisoma 13:04, nami nilikuwa nimetoka tu kumshusha mtoto shuleni, saa moja na dakika nne asubuhi. Ilikuwa bado inahesabu saa za Tokyo, ambazo zimetutangulia kwa saa 6 kamili. Ukiondoa hesabu ya saa 24, ilikuwa inasoma saa kwa Kiswahili fasaha, saa moja. Nilisimama nikaitazama kwa furaha kidogo. Kisha nikakumbuka kifungu cha 18, na wakili atakayeuliza kwa nini ajali ya asubuhi inaonekana kwenye video ya mchana. Nikairekebisha, nikachukua daftari la matengenezo ya gari, nikaandika chini ya tarehe ya kumwaga oili: leo nimebadilisha saa ya kamera, kutoka 13:04 kwenda 07:04, nikatia sahihi.